Propolisi Inanukia Nini Hasa? Mti, Joto na Umri Katika Harufu ya Gundi ya Nyuki

Kipande cha propolisi kilichokaa mahali penye baridi hukatika kwa mlio mkavu, na harufu yake ni hafifu. Kipande hichohicho kikibanwa kiganjani dakika chache hulainika, hunata vidoleni, na ghafla hutoa harufu nzito: utomvu, utamu unaokaribia vanila, pengine ukali wa msonobari, pengine mdalasini kwa mbali. Hakuna kilichoongezwa. Joto la mkono limezipa molekuli nguvu ya kuliacha donge na kufika puani, na molekuli isiyoweza kuondoka donge hilo haina harufu kwetu, hata ikiwa nusu ya uzito wake.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu maandishi mengi kuhusu propolisi yanalipita. Mtu huuliza gundi ya nyuki inanukia nini, naye hupewa orodha ya kemikali na asilimia zake. Orodha hiyo haina maana mpaka ijulikane nyuki walichukua utomvu wa mti gani, mpimaji alitumia njia gani kuzitoa molekuli, na gundi ilikuwa imekaa muda gani.

Utomvu wa mti, kazi ya nyuki

Nta nyuki huitoa mwilini mwake. Propolisi siyo hivyo. Nyuki wa asali, *Apis mellifera*, huufuata utomvu kwenye vichipukizi, majani machanga na majeraha ya magome. Huung'oa kwa taya, huubandika kwenye vikapu vya miguu ya nyuma, vilevile anavyobebea chavua, kisha huruka kurudi mzingani, ambako wenzake humsaidia kuupakua kidogo kidogo kwa sababu unanata mno. Wanaofanya kazi hii ni wachache sana kati ya nyuki wote wanaotoka kutafuta, na hupenda saa za joto, utomvu unapokuwa laini. Ndani ya mzinga huchanganywa na nta, ukaziba nyufa, ukapakwa kutani na kupunguza mlango.

Iliwahi kudhaniwa kwamba nyuki huubadilisha utomvu kwa vimeng'enya vya mate yake. Lakini utomvu wa vichipukizi ukilinganishwa na propolisi iliyotokana navyo, dutu kuu hukutwa ni zilezile. Nyuki ni mchaguzi, mbebaji na mchanganyaji. Harufu tunayoinusa imeundwa na mti, na mti uliiunda kwa shughuli zake wenyewe: kulinda kichipukizi kichanga dhidi ya kuvu, bakteria na wadudu.

Ndiyo maana utomvu una sehemu mbili zinazosaidiana. Ipo sehemu nzito, yenye flavonoidi (dutu kubwa za mimea), asidi za fenoli na esta zake (asidi iliyoungana na alkoholi), ambayo hubaki palepale kama ngao. Ipo sehemu nyepesi inayovukika, ambayo kwanza ni kiyeyushi cha hiyo nzito. Utomvu hutiririka kwa sababu una molekuli nyepesi ndani yake. Zikiondoka, kinachobaki hukaza. Kwa hiyo harufu na ulaini wa gundi ni habari moja. Gundi mbichi ni laini na ina harufu kali. Gundi ya miaka ni ngumu na imepoa harufu, kwa sababu kilichokuwa kikiilainisha ndicho kilichokuwa kikinukia.

Zile asilimia 10

Karibu kila maelezo ya propolisi hurudia hesabu moja: utomvu asilimia 50, nta 30, mafuta ya kunukia 10, chavua 5, na vinginevyo 5. Kama picha ya jumla inafaa. Tatizo ni ile 10. Mwanakemia akichemsha propolisi ndani ya maji, akaukusanya mvuke na kutenganisha mafuta yaliyopanda nao, mara nyingi hupata chini ya asilimia 1 ya uzito aliouanza.

Pengo hilo linatokana na swali ambalo halina mpaka mkali: kipi kihesabiwe kuwa kinavukika? Alfa-pineni, molekuli ileile iliyo nyingi katika misonobari na pia katika ubani, huchemka kwenye nyuzi 156 hivi za Selsiasi. Alkoholi ya benzili huchemka kwenye 205. Vanilini hufika kama 285, na benzili benzoeti hupita 320. Zote hukutwa katika orodha za "dutu zinazovukika" za propolisi, ingawa tabia zao hewani hazikaribiani. Katika joto la kawaida la chumba, msukumo wa mvuke wa alfa-pineni safi ni mkubwa kuliko wa benzili benzoeti kwa zaidi ya mara elfu kumi. Ukiziweka kwenye jedwali moja kwa uzito, benzili benzoeti inaweza kuongoza. Ukinusa, huenda usiihisi kabisa.

Koo mbili za molekuli

Harufu za propolisi zinatokana kwa sehemu kubwa na njia mbili za usanisi ndani ya mmea, na mtu akizijua hizi mbili, majina marefu hupungua ugumu.

Njia ya kwanza huzaa terpini. Mmea una tofali dogo la atomu tano za kaboni, lenye umbo la isoprini, na hulipanga moja baada ya jingine. Matofali mawili hutoa monoterpini, zenye kaboni 10: alfa-pineni, beta-pineni, limoneni na, likiongezwa kundi la oksijeni na hidrojeni, linaloli yenye harufu ya maua. Matofali matatu hutoa seskwiterpini, zenye kaboni 15: beta-kariofileni yenye ukali wa pilipili manga, nerolidoli, spathulenoli, beta-eudesmoli yenye harufu ya mbao. Kuutambua mpangilio huu kulihitaji kazi ya vizazi. Otto Wallach alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910, kwa kazi iliyogusa terpini kwa kina, na Leopold Ruzicka akashiriki tuzo hiyo mwaka 1939 akiwa ameiendeleza kanuni ya tofali la isoprini hadi kwenye molekuli kubwa zaidi.

Tofali moja likiongezeka, tabia hubadilika sana. Monoterpini ni nyepesi. Huondoka upesi na ndizo zinazokupokea unapofungua chombo. Seskwiterpini huondoka taratibu, na ndizo zinazobaki zikinukia kwenye kipande kilichoachwa wazi kwa wiki kadhaa.

Njia ya pili huanzia kwenye asidi amino iitwayo fenilalanini. Kimeng'enya huiondolea kundi lake la nitrojeni na kuifanya asidi ya sinamiki, mama wa ukoo mkubwa. Mkia wake ukifupishwa, hupatikana asidi ya benzoiki, benzaldehaidi yenye harufu ya lozi chungu, na alkoholi ya benzili yenye utamu hafifu. Mkia ukiachwa mrefu na kubadilishwa ncha, hupatikana alkoholi ya sinamili. Pete ya kaboni ikiongezewa oksijeni mahali panapostahili, njia hufika kwenye vanilini na eujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake. Kutoka kwenye fenilalanini hiyohiyo mmea hutengeneza pia alkoholi ya fenili-ethili, harufu ya waridi.

Kinachonivutia hapa ni kwamba flavonoidi zilezile zinazosifiwa katika propolisi, kama krisini na pinosembrini, zinatoka njia hii pia. Ni ndugu wa vanilini na asidi ya benzoiki. Wao wamekua wakubwa mno kuweza kuruka, hivyo hawanukii. Mti wenye utajiri wa ndugu wazito huwa na wepesi pia, na hapo ndipo imani ya kwamba gundi inayonukia vizuri ni gundi bora ilipopata chembe ya ukweli. Chembe tu, kama tutakavyoona.

Kila mti na harufu yake

Katika sehemu kubwa ya Ulaya na maeneo mengine ya baridi ya wastani, nyuki hutegemea vichipukizi vya mipopla, hasa mpopla mweusi, *Populus nigra*. Propolisi yake huegemea ukoo wa fenilalanini: alkoholi ya benzili, asidi ya benzoiki, benzili benzoeti, sinameti (esta za asidi ya sinamiki) mbalimbali, vanilini, pamoja na seskwiterpini kama beta-eudesmoli. Ndiyo ile harufu tamu, nzito, inayokumbusha zeri za kale.

Pwani za Mediterania, nyuki huchukua utomvu wa misaipresi na miti mingine ya jamii ya misonobari. Hapo alfa-pineni hupanda juu, na harufu huwa ya msitu mkavu wenye ukali.

Brazili ina hadithi mbili zinazotofautiana kabisa. Propolisi ya kijani hutoka kwenye kichaka cha *Baccharis dracunculifolia*, ambacho nyuki huvitafuna vichipukizi na majani yake machanga. Nerolidoli na spathulenoli huonekana sana, na harufu ni ya majani makavu na mbao, yenye uchangamfu ambao propolisi ya mpopla haina. Propolisi nyekundu hutoka kwenye *Dalbergia ecastophyllum*, mmea wa ukanda wa pwani na mikoko. Wadudu huutoboa, utomvu mwekundu hutoka, na nyuki huja kuuchukua. Ndani yake imekutwa anetholi, molekuli inayoipa shamari harufu yake, pamoja na methili eujenoli. Ni nyuki wa spishi ileile, wanafanya kazi ileile, na gundi zao hazifanani hata kidogo.

Kuna safu moja zaidi ambayo vipimo vya kawaida huikosa. Alfa-pineni huwa na maumbo mawili yanayopishana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na limoneni na linaloli vivyo hivyo. Mimea hutofautiana katika uwiano wa maumbo hayo, na pua zetu pia hutofautisha baadhi yake. Jina moja kwenye ripoti linaweza kuficha harufu mbili.

Jedwali halinusi

Tufike sasa mahali ambapo wasomaji wengi hupotezwa, na hata ripoti nzuri husomwa vibaya.

Ili molekuli inukie kwa nguvu, mambo mawili hukutana. La kwanza ni wingi wake hewani, ambao hutegemea kiasi kilichomo, wepesi wake wa kuvukika, na jinsi utomvu na nta zinavyoing'ang'ania. La pili ni kizingiti cha kunusika, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho pua inaweza kukihisi. Vizingiti hutofautiana kwa namna ya ajabu. Vanilini huhisiwa hata ikiwa kidogo sana, ilhali alkoholi ya benzili hudai kiasi kikubwa mara nyingi zaidi kabla pua haijaitika. Wanaochunguza harufu hugawanya kiasi kilichopo kwa kizingiti. Jibu likizidi 1, molekuli hiyo ina nafasi ya kuchangia harufu. Likiwa dogo, huenda ipo bila kusikika.

Hesabu hiyo hupindua orodha juu chini. Dutu yenye asilimia 15 ya mafuta inaweza kuwa kimya, na yenye asilimia 0.2 ikawa ndiyo sauti kuu. Asidi ndogo zenye matawi, kama asidi ya 2-methilibutiriki, hutoa mnuko wa jibini au jasho hata zikiwa kidogo. Zikiungana na utamu wa vanilini na ukavu wa terpini, hazinuki jibini tena bali huipa gundi uzito wake wa kimwili. Pua husoma mkusanyiko, haisomi majina.

Ndiyo sababu maabara zinazotaka kujua harufu yenyewe huongeza pua ya binadamu kwenye mashine. Mchanganyiko hupitishwa katika kromatografia ya gesi, bomba jembamba refu sana ambamo molekuli hutengana kwa kasi zao. Mwishoni njia hugawanyika: upande mmoja kuna spektromita ya tungamo inayovunja molekuli na kuitambua kwa vipande vyake, upande mwingine kuna kikombe cha kunusia ambapo mtu aliyefunzwa hutaja anachohisi, dakika kwa dakika. Mara kwa mara mnusaji hupaza sauti mahali ambapo mchoro wa mashine uko karibu tambarare. Hapo ndipo panapostahili kuchimbwa.

Njia ya kupima huandika jibu

Kuchemsha propolisi majini kwa saa kadhaa ni njia ya zamani na bado inatumika sana. Lakini nyuzi 100 kwa saa nyingi si jambo dogo. Esta huweza kuvunjwa na maji moto, zikarudi kuwa alkoholi na asidi. Kwa hiyo sehemu ya alkoholi ya benzili inayoonekana kwenye mafuta huenda ilikuwa imefungwa ndani ya esta kabla ya sufuria kuwashwa. Asidi ya sinamiki ikipashwa joto huweza kupoteza kaboni dioksidi na kugeuka stirini. Asidi ya feruliki, kwa njia hiyohiyo, hugeuka 4-vinilgwayakoli, yenye harufu ya moshi na viungo. Msomaji asiyejua haya atadhani nyuki walileta stirini kutoka msituni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Janusz Pawliszyn na wenzake katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walileta njia ya upole zaidi: uzi mwembamba uliopakwa dutu inayofyonza huning'inizwa hewani juu ya sampuli ndani ya kichupa kilichofungwa, ukakusanya kinachovukika, kisha ukaingizwa moja kwa moja kwenye mashine. Hakuna maji, hakuna kuchemsha. Kinachopatikana kiko karibu zaidi na kile kinachofika puani. Hata hivyo uzi una upendeleo wake. Aina ya mpako huamua nani anashikwa vizuri, nyuzi joto za kichupa huamua nani anapanda, na molekuli hugombania nafasi kwenye uzi uleule. Sampuli moja, kwa uchemshaji na kwa uzi, hutoa orodha mbili, na zote mbili ni za kweli kwa masharti yake. Kulinganisha propolisi ya nchi moja iliyochemshwa na ya nchi nyingine iliyopimwa kwa uzi, kisha kudai tofauti yote ni ya mimea, ni kosa ambalo halifai kuvumiliwa.

Umri, mzinga na moshi

Propolisi huendelea kubadilika baada ya kukwanguliwa. Zile nyepesi huondoka kwanza, na zinazobaki huungana na oksijeni ya hewa polepole. Beta-kariofileni huzaa oksidi yake. Alfa-pineni hutoa verbenoli na verbenoni. Benzaldehaidi hugeuka asidi ya benzoiki kwa urahisi sana. Gundi iliyoachwa wazi hupoteza uchangamfu wa kijani na wa msonobari, ikabaki na harufu ya chini, ya zeri na mbao. Nikiona oksidi ya kariofileni imezidi sana kariofileni yenyewe, swali langu la kwanza ni sampuli ilihifadhiwaje, kabla ya kuuliza ilitoka mti gani.

Mzinga nao huongeza chake. Nta huchangia aldehaidi kama nonanali na dekanali. Kitovu cha mzinga wenye majana (watoto wa nyuki) hukaa kwenye nyuzi 34 hadi 35, joto la kutosha kuifanya gundi ya karibu ivukize mfululizo, hivyo hewa ya mzinga hubeba harufu ya utomvu muda wote. Moshi wa mfugaji huacha fenoli zake. Na pale anapotumia thaimoli kupambana na utitiri wa varoa, dutu hiyo hupenda nta na utomvu, hujificha humo, na baadaye hutokea kwenye uchambuzi kana kwamba ni ya mmea.

Ukiloweka propolisi kwenye alkoholi, harufu hubadilika mara nyingine. Alkoholi huvuta utomvu na kuiacha nta, na kadiri muda unavyokwenda, asidi zilizomo huweza kuungana na alkoholi kuwa esta za ethili, ambazo nyingi zina harufu ya matunda.

Harufu, ubora na ngozi

Je, harufu kali ni dalili ya gundi yenye nguvu? Inaonyesha kwamba gundi ni mbichi na haikupashwa joto kupita kiasi, na hilo si haba. Terpini nyingi huzuia bakteria na kuvu kwa kiasi fulani zikipimwa zenyewe. Lakini sehemu kubwa ya uwezo unaopimwa wa propolisi ya mpopla inatoka kwenye flavonoidi na esta za asidi ya kafeiki, nazo hazinusiki. Gundi kavu isiyo na harufu kubwa inaweza kuwa nazo tele. Anayeuza kwa pua peke yake anamdanganya mnunuzi, hata kama hajakusudia.

Kuna pia upande wa ngozi. Baadhi ya watu huvimba na kuwashwa wakigusa propolisi, na wafugaji wa nyuki ni miongoni mwa wanaokutana na tatizo hili zaidi. Wahusika wakuu katika propolisi ya mpopla ni esta za asidi ya kafeiki, hasa zile zenye mkia wa kaboni tano. Benzili sinameti, inayonukia, inaweza kuchangia, na limoneni iliyoungana na oksijeni inajulikana kuamsha mzio kuliko ilivyokuwa mbichi. Gundi ya zamani basi haijawa salama kwa sababu tu imepoa harufu.

Harufu inasaidia zaidi mahali ambapo kemia nzito hushindwa. Utomvu wa vichipukizi vya mpopla unaweza kuchemshwa na kuuzwa kama propolisi bila nyuki yeyote kuugusa. Ukipima flavonoidi peke yake, utapata zilezile, kwa kuwa ndiko nyuki anakozitoa. Lakini utomvu uliochemshwa umepoteza wepesi wake, una alama za joto, na hauna ule mchanganyiko wa nta, chavua na hewa ya mzinga. Wachambuzi wanaotafuta udanganyifu huu huchunguza sehemu inayovukika pamoja na dutu za mpopla ambazo kwenye propolisi halisi hazionekani, kama salisini, na hukumu hutolewa kwa kusoma vyote viwili kwa pamoja.